Usimwambie "endelea": shule maalum inavyomfikisha kijana mwenye usonji kwenye kujitegemea

Miaka kama minne iliyopita nililala kwa dada yangu Tabata, asubuhi naamka nakuta mpwa wangu yuko jikoni anatengeneza chai. Ana usonji huyu kijana, yaani autism, ubongo wake unayapokea mambo kwa namna tofauti na wengi wetu, na kipindi hicho alikuwa na miaka 14. Maji yameshachemka, majani kaweka, kamimina kwenye kikombe, kachota sukari, halafu kasimama. Kijiko kiko hewani juu ya kikombe, ananiangalia mimi usoni. Nikamwambia "endelea", akamwaga. Akachota cha pili, akasimama tena, ananiangalia. "Endelea." Dada yangu alikuwa pembeni anakunja nguo akaniambia kaka usimwambie kitu, nyamaza, angalia dirishani. Nikanyamaza. Kile kijiko kilikaa hewani muda mrefu kweli, sukari inadondoka punje moja moja mezani, mimi huku roho inaniuma natamani kusema neno, mpaka mwisho akamwaga mwenyewe, akakoroga, akachukua kikombe chake akaenda kukaa kibarazani.

Baadae dada ndo akanieleza. Shule aliyoanzia huyu kijana walimu walikuwa na upendo, hilo hakuna anayebisha, ila kila hatua ya kila kazi walikuwa wanamwambia endelea, au wanamgusa bega, au wanatikisa kichwa kumkubalia. Miaka minne hivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto kajifunza kutengeneza chai kweli, hatua zote anazo kichwani, ila kwake yeye neno "endelea" nalo ni kiungo cha chai kama yalivyo majani na sukari. Bila hilo neno chai haijakamilika. Na siku dada hayupo, siku mimi sipo, hakuna wa kusema hilo neno, chai hainyweki.

Tangu siku ile nikianza kuangalia shule yoyote inayosema inafundisha watoto wenye usonji swali langu limekuwa moja, huyu mwalimu anatoaje mkono wake? Siulizi tena wana vifaa gani, wana bembea gani, mtoto ametulia au hajatulia. Nauliza msaada anaompa mtoto leo utakuwa umepungua kwa kiasi gani ikifika mwezi wa sita, na ameandika wapi.

Maana watu wengi tukisikia shule maalum tunafikiria mahali pa kumtunza mtoto, ashinde salama, wazazi waende kazini, jioni arudi ameshiba na hajaumia. Sidharau hata kidogo, mama anayelea mtoto asiyeongea bila msaidizi anajua masaa sita ya kupumua yana thamani gani. Ila ikiishia hapo hicho ni kituo cha kulelea. Shule ni pale ambapo mtoto anatoka anaweza jambo ambalo jana alikuwa anafanyiwa, na analifanya hata pale aliyemfundisha anapokuwa hayupo, na hicho kipande cha mwisho ndo kigumu kuliko vyote na ndo kinachohitaji mtu aliyesomea.

Chukua kitu kidogo, kuvaa shati. Sisi nyumbani tunaanzia mwanzo, shika shati, ingiza mkono, ingiza na huu, mtoto anachoka kabla ya vifungo, saa inakimbia, tunammalizia sisi. Kwa hiyo kila siku anachoonja ni mwanzo wa kazi na kushindwa. Mwalimu anayejua kazi yake anaweza kuanzia mwisho. Anamvalisha shati zima, anafunga vifungo vyote, anabakiza kimoja, na hicho kimoja ameshakiingiza nusu kwenye tundu, mtoto anakivuta tu, tayari, umevaa shati, hongera. Wiki ijayo vinabaki viwili. Mwezi ujao vitatu. Kila siku yule mtoto anamaliza kazi, kila siku anaonja kumaliza, na kazi inarefuka kwa kurudi nyuma mpaka siku moja anashika shati likiwa limekunjwa kabatini. Ukimwona mwalimu anafanya hivi unaweza kudhani anamdekeza, kumbe anahesabu vifungo.

Na namna ya kusaidia nayo ina ngazi zake. Mkono juu ya mkono ndo msaada mzito kabisa. Halafu unashika kiwiko tu. Halafu unanyoosha kidole. Halafu picha ukutani. Halafu hakuna kitu. Walimu wazuri wanasimama nyuma ya mtoto, hawasimami mbele, ili macho yake yawe kwenye kazi na sio kwenye uso wa mwalimu anatafuta ruhusa. Na wanaogopa maneno kuliko wanavyoogopa kumshika mkono, maana mkono unaweza kuulegeza kidogo kidogo lakini neno aidha umelisema au hujalisema, kulipunguza ni kazi, na ndo maana kwetu "endelea" ilikwama pale ilipokwama.

Hii sio elimu ya kubahatisha, ina historia. Kule Marekani, North Carolina, alikuwepo mwanasaikolojia anaitwa Eric Schopler pale chuo kikuu cha Chapel Hill, enzi ambazo wataalamu wakubwa walikuwa wanawaambia wazazi kwamba usonji umesababishwa na ubaridi wao, mama hakumpenda mtoto. Schopler akakataa, akawaingiza wazazi kwenye kazi kama washirika wa mwalimu, na mwaka 1972 jimbo likaupokea mradi wake ukawa wa jimbo zima, unaitwa TEACCH. Kilichonigusa mimi kwenye mfumo wao ni meza ya kazi. Kazi zinapangwa kushoto, unachukua ya kwanza, unafanya, ukimaliza unaweka kulia. Meza yenyewe inamjibu mtoto maswali manne bila mtu kufungua mdomo: nafanya kazi gani, ni kiasi gani, nitajuaje imeisha, halafu kinafuata nini. Hebu fikiria wewe mwenyewe umeajiriwa sehemu hujui kazi ni ipi, hujui itaisha saa ngapi, na ukimaliza hujui unaenda wapi, si ungepiga kelele? Basi watoto wetu wengi wanaishi hivyo kila siku, na tunawaita wakorofi.

Hiyo meza ukiifikiria vizuri ni kijiko cha sukari kisichohitaji "endelea". Msaada umehama kutoka kwa mtu ukaenda kwenye kitu, na kitu unaweza kukibeba popote. Shule ya pili ya mpwa wangu walimtengenezea utepe wa picha za chai, wakaubandika ukutani, kila hatua akimaliza anageuza picha. Baada ya miezi picha zikawa nne, sio kumi na nne. Saa hizi haupo kabisa, ila dada hajautupa, kauhifadhi kwenye droo.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wenzangu wengi halijawakaa sawa na lazima nilikazie. Mtoto mwenye usonji akijua kitu darasani haina maana anakijua nyumbani. Anaweza kununua biskuti duka la shule, anahesabu hela, anapokea chenji, mwalimu anaandika ripoti safi kabisa, halafu ukimtuma kwa Mangi hapo nje anasimama kama mgeni. Sio ukaidi. Duka la shule lina kaunta ya bluu na mwalimu anayemjua, kwa Mangi kuna nondo, kuna redio, kuna foleni, kuna mtu anamchangamkia mambo vipi mzee. Kwake yeye ni vitu viwili tofauti mpaka afundishwe kwamba ni kimoja. Kwa hiyo shule nzuri lazima itoke nje ya geti. Shule ambayo watoto hawavuki geti lake kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, hata ingekuwa na majengo ya kifahari namna gani, inamfundisha mtoto kuishi shuleni, na shuleni hatoishi.

Daladala ndo iliyonifanya niamini. Shule ilimwanzisha mpwa wangu akiwa na miaka 15, mwezi wa kwanza walikuwa wanaenda kituoni kuangalia tu, hawapandi, wanakaa wanaangalia magari, anaandika rangi za mistari maana anapenda rangi. Halafu wakapanda kituo kimoja. Halafu viwili. Mwalimu kwanza alikaa naye siti moja, halafu siti ya nyuma, halafu alipanda gari hilo hilo kama hamjui, halafu akawa anamsubiri kituo cha kushukia. Nauli yake sarafu tatu za mia mbili kwenye kifuko, anampa konda bila kuongea. Na wale walimu walifanya kitu kimoja cha akili sana, walimfundisha gari likikatisha ruti. Mnajua wenyewe, konda anagonga bati mwisho hapa, shukeni, na safari haijafika. Kwa kijana ambaye dunia yake inasimama kwa ratiba hiyo ni kama ardhi imepasuka. Walikuwa na kadi ya njano, maana yake leo ni tofauti, ukiiona unashuka, unasogea kwenye duka lililo karibu, unatoa kadi nyingine yenye namba ya simu ya mama. Waliigiza darasani kwanza, wakaongea na konda mmoja wakaigiza barabarani, mara nyingi tu.

Siku ilipotokea kweli alikuwa peke yake, Buguruni. Dada alipigiwa simu na muuza vocha, mama kuna kijana hapa kanipa kadi. Alipofika alimkuta amesimama pale pale, anajitikisa, mikono masikioni, lakini amesimama pale pale. Dada alinipigia analia, nikadhani kuna baya, akasema hapana kaka, kakumbuka.

Wapo wanaosema hizi shule maalum zinawatenga watoto, wawekwe wote darasa moja na wenzao, elimu jumuishi. Nawaheshimu na lengo lao ndo langu pia. Ila darasa la watoto 90 lenye mwalimu mmoja, kelele, kengele, na mtoto ambaye sauti ya dawati kuburuzwa inamuuma kama sindano, huko sio kujumuishwa, ni kuwekwa tu. Ninachokitetea mimi ni utaalamu. Sio lazima liwe jengo la peke yake, inaweza kuwa kitengo ndani ya shule ya kawaida kama kile cha Msimbazi Mseto pale Ilala, au kama City Primary ya Nairobi ambako wazazi wa Chama cha Usonji Kenya walipambana mpaka kitengo kikafunguliwa mwaka 2003. Uzuri wa kitengo ni kwamba mapumziko wanacheza pamoja, mstarini wanasimama pamoja, na hawa wengine watoto wa kawaida wanakua wakijua kwamba fulani haongei ila anaelewa. Hao ndo watakuwa makonda wa kesho na wenye maduka wa kesho. Ila kitengo bila mwalimu aliyesomea ni chumba chenye kibao mlangoni. Tuna Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinachofundisha elimu maalum, tuna vyuo vikuu vinatoa shahada, halafu mwalimu anahitimu anapangiwa kufundisha jiografia kidato cha pili kwa sababu kuna upungufu. Inaumiza.

Mtu wa kwanza kabisa kuandikwa kwenye vitabu kwamba ana usonji alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, kazaliwa 1933. Daktari Leo Kanner alimwandika kama mtoto wa kwanza kwenye ripoti yake ya mwaka 1943. Huyu alikuwa ameshapelekwa kwenye taasisi ya kulelea watoto akiwa mdogo kabisa, wazazi wakaenda kumtoa. Baadae akaenda kuishi kwa wakulima wawili mke na mume, hawakuwa wataalamu wa chochote, ila Kanner alipoenda kuwatembelea alikuta mambo ya ajabu. Kijana alikuwa hawezi kuacha kupimapima vitu, wakamwachia achimbe kisima awe anaripoti kina chake. Alikuwa hawezi kuacha kuhesabu, wakampeleka shambani ahesabu mistari ya mahindi huku analima kwa farasi, na akajifunza kumwongoza farasi na kumgeuza mwisho wa mstari. Hawakumnyang'anya kile anachokipenda, walikifunga kwenye kazi. Donald alisoma mpaka chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Ndio, benki ilikuwa ya familia ya mama yake, na sio kila mtu ana babu mwenye benki, nakubali. Lakini mistari ya mahindi haikuwa ya benki. Mpwa wangu na rangi za daladala zake, nikiwaza naona ni shamba lile lile.

Na huko Uingereza kuna mama mmoja Sybil Elgar, alianza kufundisha watoto wenye usonji nyumbani kwake London, kwenye chumba cha chini ya nyumba, wakati wengi waliamini hawafundishiki. Mwaka 1965 ikafunguliwa shule Ealing. Watoto wakafundishika kweli. Halafu wakakua. Hapo ndo wazazi wakashtuka, sasa wanaenda wapi? Ikabidi waanze upya kutafuta hela, na mwaka 1974 wakafungua Somerset Court, makazi ya watu wazima wenye usonji waishi na kufanya kazi. Huyu mama alilijua tatizo letu la leo miaka hamsini iliyopita, kwamba shule bila kinachofuata ni daraja lililoishia katikati ya mto.

Maana kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto anafika miaka 16, 17, kitengo kinasema amekuwa mkubwa, wadogo wanamwogopa, arudi nyumbani. Wengi wao mtihani wa darasa la saba hawafanyi kwa hiyo hana cheti cha kuonyesha mahali. Anarudi kukaa sebuleni. Na usidhani ujuzi unakaa unamsubiri, unayeyuka. Nimeona kijana aliyekuwa anapika wali mwenyewe, baada ya mwaka mmoja wa kukaa ndani analishwa, kwa sababu dada wa kazi anaharaka na ni rahisi kumfanyia kuliko kumsubiri. Miaka kumi ya mwalimu imeondoka kwa mwaka mmoja wa huruma.

Wakenya kwenye mtaala wao wa umilisi wamefanya jambo ambalo nadhani tuige, mwanafunzi mwenye mahitaji maalum anaweza kupita njia inayofuata hatua badala ya umri, anaanza hatua ya msingi, ya kati, halafu maandalizi ya ufundi, halafu ufundi wenyewe. Yaani hasukumwi darasa jipya kwa sababu Januari imefika, anasogea akiwa ameweza. Utekelezaji una mapengo mengi, walimu wa Kenya wenyewe wanalia, lakini walau kwenye karatasi njia inaishia kwenye kazi. Uingereza sheria ya 2014 inaruhusu kijana kuendelea kusaidiwa kwenye masomo mpaka miaka 25 kama bado anahitaji. Kwa hawa vijana miaka kati ya 16 na 25 ndo miaka ya mavuno, na sisi ndo tunafunga shamba.

Halafu kuna utafiti wa Virginia, Marekani, ambao kila mtu mwenye mamlaka ya elimu ningependa ausome. Walichukua vijana wenye usonji wa miaka 18 mpaka 21, kundi moja mwaka wao wa mwisho wa shule likaenda kusomea ndani ya hospitali, mwalimu wao yuko humo humo, wanafanya kazi halisi, kupanga vifaa, kusafisha, kuandaa vitu vya wodi, wanabadilishwa idara, na kuna mtu wa kuwafundisha kazi pale pale kazini. Kundi la pili likaendelea na shule kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2014. Kundi la hospitali 21 kati ya 24 walipata ajira ya kulipwa. Kundi la darasani 1 kati ya 16. Ni utafiti mdogo, watu 40, lakini hiyo tofauti sio ya bahati. Tofauti kubwa ni mahali somo lilipofanyikia. Ni lile lile la duka la shule na kwa Mangi, sasa kwa ukubwa wa mshahara.

Hatuhitaji mashine yoyote kufanya hivyo hapa. Hospitali tunazo, zina dobi na stoo. Kuna viwanda vya mikate, gereji, maktaba, mashamba ya mboga, karakana za useremala, VETA ziko mikoani. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya 2010 hapa Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Vizuri sana, ila angalia ni akina nani wanaofika kwenye hilo dirisha, ni wale wanaoweza kujieleza, kujaza fomu, kusimama mbele ya kamati. Kijana mwenye usonji asiyeongea hafiki. Ni lazima mtu amfikishe, na mtu huyo kwa sasa hana cheo, hana mshahara, hayupo kwenye muundo wowote. Mimi nasema awe mwalimu wa shule ile ile anayemjua, miaka miwili ya mwisho kazi yake iwe huko nje.

Na nisieleweke vibaya, sio wote watafika kuajiriwa, wapo watakaohitaji mtu karibu maisha yao yote, na hao nao kujitegemea kwao kupo. Kuchagua shati. Kusema hapana, kwa mdomo au kwa picha au kwa mkono. Kwenda chooni na kujisafisha mwenyewe, na hapa naomba wazazi tuongee ukweli, kijana wa miaka 17 anayevuliwa nguo na kuoshwa na yeyote aliyepo nyumbani ni kijana ambaye mtu mbaya akimvua nguo hatajua kwamba kuna kosa limefanyika. Kufundishwa kuoga mwenyewe na kufunga mlango ni ulinzi. Watoto wa kike ndo zaidi. Mwalimu mmoja alinionyesha wanavyowaandaa mabinti kabla hedhi haijaanza, wanatumia pedi yenye rangi nyekundu, msichana anafanya mazoezi ya kubadilisha, kukunja, kutupa, kunawa, miezi mingi kabla, ili siku damu yenyewe ikija asidhani anakufa. Hakuna mtihani wa taifa unaopima hilo somo. Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967 alikuwa analalamikia shule zinazowaandaa watoto kwa mtihani ambao wengi hawatavuka, zinasahau maisha watakayoenda kuishi. Sijui watoto gani hayo maneno yanawahusu kuliko hawa.

Mpwa wangu ana miaka 18 sasa. Siku tatu kwa wiki shule inampeleka bekari moja mtaani, kazi yake kupaka mafuta kwenye trei na kupanga mikate kumi kumi kwenye kreti. Hajawahi kukosea kumi. Mwalimu wake mwanzo alikuwa anasimama nyuma yake, halafu akahamia mlangoni, siku hizi anakaa ng'ambo ya barabara kwa mama anayeuza vitumbua, anaangalia tu. Mwezi uliopita walileta kreti mpya, kubwa, zinaingia kumi na mbili, akasimama na mkate mkononi hewani, mwenye bekari akataka kuja kumwelekeza, yule mwalimu akavuka barabara mbio, sio kwa kijana, kwa mwenye bekari, akamwomba asiseme kitu, akabandika picha ya kreti mpya ukutani akaondoka. Kijana akaipanga.

Desemba anamaliza. Muda wa shule umeisha, mwalimu anarudi darasani kwa wadogo. Dada yangu ameandika barua kuomba mwalimu awe anapita bekari hata mara moja kwa mwezi mwaka ujao, maana kreti zitabadilika tena, na oveni, na siku moja mwenye bekari mwenyewe. Wiki ya sita hii, barua haijajibiwa.